Theluji ya Pamba

Tawi la mberoshi nimelibeba begani
kutoka ua wa kanisa, kwa ruhusa ya mlinzi
na shilingi elfu mbili zisizoandikwa popote.
Limesimama sasa katika debe la mawe
kando ya kabati, mbali na dirisha,
na Nangobi ameuliza, mbona umelificha?
Hapo kwenye kona nani ataliona?

Nimesema nitakueleza. Sijaeleza.

Waiswa na Kagoya wamenunua theluji.
Pamba ya duka la dawa, ileile ya kufutia vidonda.
Wanaichambua nyuzinyuzi, wanaitandaza juu ya majani,
wanabishana huwa inaangukaje,
wao walioiona kwenye kalenda tu,
na mimi baba yao sijaiona zaidi ya hapo.
Wamesema ni baridi mno. Nimekubali.

Sikuwaambia kwamba hii ya kwetu inawaka.

Krismasi tatu nyuma, hapa hapa Walukuba,
nyumba ya nne kutoka bombani,
Adikini alitandaza theluji kama hii.
Mshumaa ulikuwa mfupi, wa kidole gumba,
umesimama kwenye kifuniko cha soda.
Alitoka tu kuongeza maji kwenye sufuria ya matoke,
hatua kumi na mbili. Nilizipima kesho yake,
sijui kwa nini, nilizipima mara mbili.

Moto ulikula kama mgeni mwenye adabu:
kwanza pamba, kidogo tu,
kisha utepe wa karatasi,
kisha pazia,
na pazia ndilo lililouonyesha dari.

Watoto tuliwatoa. Nasema haraka usije ukashika pumzi.
Tuliwatoa kwa dirisha la nyuma,
nondo tatu Balikowa alizing'oa kwa jembe.
Lakini cherehani, na daftari la akiba,
na mkono wa kulia wa Adikini!
Mpaka leo anashona kwa kushoto, mashine ya kuazima,
mshono unakwenda kombo
na mtaa mzima tunavaa hivyo hivyo,
hakuna aliyewahi kurudisha nguo.

Taa za kumetameta Nangobi alizipata barabarani,
bei ya kuanguka. Nimezipapasa waya wote,
shanga kwa shanga, kama asaliye rozari ya mtu mwingine,
na baada ya taa ya thelathini waya ulikuwa uchi.
Nimezikunja. Nimezitia mfukoni.
Kimya kilichofuata ndicho zawadi niliyopewa mwaka huu.

Saa mbili na robo umeme ukakatika
kama uliokuwa na miadi.

"Mshumaa!" amesema Waiswa,
na nikasikia droo ikifunguka gizani.

Nilipiga kelele kuliko nilivyokusudia.
Kagoya ameanza kulia, jirani amegonga ukuta,
na hapo ndipo nikaeleza,
vibaya, nikianzia mwisho,
nikirudi kwenye sufuria, nikisahau nondo,
mpaka Nangobi akasema basi, tumeelewa,
akanishika kiwiko.

Alikwenda kimya akatoa sigiri nje ya mlango.
Nikawasha taa ya jua niliyoianika bati zima la leo,
mwanga wake mweupe, hauna joto, hauna hadithi.
Waiswa amebandua theluji yote kwenye tawi,
akaifunga mfukoni: "Ya vidonda," amesema.
Mti umebaki kijani, mkavu kidogo,
na nyota moja ya karatasi ya chuma
iliyotoka kwenye kopo la maziwa.

Kagoya amepapasa nyuma ya mlango.
"Na hii je, baba?"
Ndoo ya mchanga. Nimeijaza tangu Jumapili,
nikiona haya kuitaja.

Hakujibu kitu. Ameikokota mpaka katikati ya chumba,
ameing'oa ile nyota kutoka mtini,
ameichomeka mchangani, akaisogeza, akaisogeza tena
mpaka iliposimama wima.

"Huu ndio mti," amesema.

Nangobi ndiye aliyecheka wa kwanza.